Kibuyu Alichokionja Yaya

Nilipaswa kusema hapana. Asubuhi ya Jumapili moja, hapa kwetu Kamembe, yaya yangu aliweka kibuyu juu ya meza ya sebuleni, akang'oa kizibo cha jani la mgomba, akaniambia, "Weye ndiye mwanaume wa hii nyumba. Sema neno moja tu, tuanze." Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, mkono wake ukiwa juu ya kovu lake, ndani ya kitenge. Nikasema, "Sawa. Tuanze."

Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa. Huyu wangu ni dada, ananizidi miaka sita, na ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Lakini sikumtii kwa sababu ya umri wake tu. Ili nieleweke itabidi nirudi nyuma kidogo.

Vita vya kwanza vya Congo vilitukuta Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Congo, ambako tulikuwa tumekimbilia miaka miwili kabla yake. Mimi, mke wangu na yaya tuliingia msituni pamoja na umati wa watu. Njiani tulimkuta mtu mwenye sanduku la sindano, akiwachoma wagonjwa. Sindano ilikuwa moja, na sufuria ya maji moto ilikuwa moja, na mstari ulikuwa mrefu. Mke wangu alikuwa na malaria, naye akachomwa. Huenda virusi vya homa ya ini vilimwingia siku ile. Huenda viliingia kwingine. Hakuna atakayejua.

Mimi niliugua tumbo katika msitu uleule. Niliharisha damu mpaka miguu ikakataa, na watu wakaanza kunipita bila kunitazama, kama mtu anavyopita gogo. Yaya alichuma majani, akayachemsha kwenye kopo la maziwa ya unga, akayaonja mbele ya macho yangu, kisha akanibana pua akanimiminia. Nilitapika mpaka nikadhani natoa utumbo. Siku ya tatu nilitembea. Tangu hapo, kila yaya aliponiambia jambo, nilikuwa naliona lile kopo nyuma ya maneno yake.

Tulirudi Kamembe. Nilifungua tena studio yangu ya picha karibu na soko, kazi niliyokuwa nimejifunza baada ya kumaliza sekondari. Miaka ile ya vita ng'ambo, watu wote walihitaji picha: picha nne za kitambulisho, picha mbili za kuvukia mpaka, picha ya kumtafutia ndugu aliyepotea. Niliosha picha kwenye chumba cha giza chenye balbu nyekundu, na mke wangu alizianika kwenye kamba nyuma ya nyumba kama nguo za mtoto. Tulijaliwa mwana mmoja tu, wa kiume. Alipokua akawa fundi wa mitambo katika kinu cha mpunga huko Bugarama.

Ugonjwa ulijitokeza baada ya miaka zaidi ya ishirini. Macho ya mke wangu yaligeuka njano, tumbo likajaa maji. Tulipofika Kigali, daktari alituambia ini limekwisha, na kwamba dawa pekee iliyobaki ni kupandikizwa jingine, nchini India. Si lazima mtu afe ndipo atoe, alisema. Mtu mzima mwenye afya, wa damu inayofaa, anaweza kukatwa kipande kikubwa cha ini lake, na vipande vyote viwili, kilichobaki na kilichohama, vikakua.

Walinipima mimi kwanza. Sikufaa. Mwanangu akafaa.

Nilimuuliza kama anaogopa. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yake ya kupanga Bugarama, joto la huko likitubandika mashati mgongoni. Alicheka.

"Papa, ini ni kama sombe. Unavuna majani ya muhogo, yanachipua tena. Docteur alinionyesha."

"Na kisu?"

"Kisu wataniletea nikiwa nimelala. Wewe ndiye utakayekiona. Sasa nani aogope?"

Ndugu walichanga, watu wa msikitini walichanga, na tukasafiri. Mambo ya India ni marefu, na hayana lawama ndani yake. Wote wawili walirudi wakiwa hai, kila mmoja na kovu lililopinda chini ya mbavu. Nilichorudi nacho mimi ni karatasi ya maagizo ya hospitali. Iliandikwa kwa Kiingereza, nami niliisoma na kumtafsiria mke wangu mstari kwa mstari: vidonge saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kukosa, maji yaliyochemshwa, asikae na wenye kikohozi, na asinywe dawa yoyote ya mitishamba, hata ile inayosemekana haina madhara. Mstari huo wa mwisho ulikuwa umepigwa mstari chini kwa wino. Nilimsomea mara mbili. Nasema haya ili mtu asije akafikiri sikujua.

Mwezi wa tatu baada ya operesheni tulikwenda Kigali kwa kipimo ambacho daktari wetu alikisubiri kwa hamu. Daktari huyu alikuwa mama wa makamo aliyekulia Goma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. Kipimo chenyewe kinafanywa kwenye ile mashine ya sumaku inayoitwa IRM, ambayo wengine huiita MRI. Mgonjwa anavuliwa pini, hereni na bangili, analazwa, anaingizwa ndani ya bomba linalogonga kama karakana ya mabati. Ila kwa ini kuna jambo la ziada. Anachomwa dawa mkononi, picha zinachukuliwa, kisha watu wanasubiri kama dakika ishirini na picha zinachukuliwa tena.

"Hii dawa, Maman," daktari alimweleza, "ini linaipenda. Ini likiwa zima linainywa, halafu linaimwaga kwenye nyongo. Ikishanywewa, ini linang'aa kwenye picha. Likiwa limechoka, halinywi, haling'ai. Damu inaweza kutudanganya, lakini hapa tunaliona lenyewe likifanya kazi."

Mke wangu alilitazama lile bomba la sindano.

"Docteur, kwetu anayekupa kinywaji anakionja kwanza. Onja basi!"

Daktari alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Maman, mimi nikionja hii nani atakusomea picha?"

Desturi hiyo ni ya kwetu kweli. Pande zote mbili za Rusizi watu wanaogopa sumu, hasa ile ya taratibu tunayoiita karuho, ambayo inasemekana mtu hutiliwa kwenye chai au pombe akakonda miezi mingi kabla ya kufa. Kwa hiyo ukimpa mgeni kikombe, unakunywa funda moja mbele yake. Hakuna anayekasirika. Kutokuonja ndiko kunakoudhi.

Baada ya kile kipimo daktari alituita mimi na mwanangu tuone kwenye kioo cha kompyuta. Picha za mwanzo zilikuwa za kijivu. Zile za baada ya dakika ishirini zilinifanya nisimame. Ini lilikuwa jeupe, jeupe la sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati yake njia ya nyongo iling'aa zaidi, kama kijito kinachopigwa na jua. Maisha yangu yote nimesimama juu ya sinia la dawa nikisubiri sura ya mtu itokee kwenye karatasi, na sijawahi kuona picha iliyotokea vizuri kama ile.

"Lile lako, hilo," nilimwambia mwanangu.

"Si langu tena," alijibu. "Lina mwenyewe. Angalia anavyolitumia."

Basi, tulirudi nyumbani tukiimba garini.

Mwezi wa saba baada ya operesheni mke wangu alianza kuchoka. Hakuwa na njano wala homa. Chakula kilimkinaisha, hasa asubuhi baada ya vidonge, na ngozi ilimwasha. Nilimpigia daktari, akasema vidonge vingine huleta hayo, tumlete mwezi wa tisa kama ilivyopangwa, au mapema akizidiwa. Hayo yalitosha. Lakini yaya alikuja, akamtazama wifi yake kwa muda mrefu, akanivuta uani.

"Ulipotoka India, ni bantu wangapi balikuja hapa na masahani?"

"Wengi, yaya. Mtaa mzima."

"Na bote balionja?"

Nyumba ilikuwa imejaa siku zile; nani angehesabu nani ameonja?

"Unaona? Ni karuho. Ba docteur hawaijui karuho, haiko mu mashine yao. Inatakiwa kutapishwa."

Nilimwambia habari ya karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema, "Kule musituni ulikuwa na karatasi gani?"

Jibu nilikuwa nalo, na sikulitoa.

Jumapili ile alileta kibuyu. Alimimina kwenye kikombe, akanywa funda moja, akafuta mdomo. "Niko naonja mbele yako, wifi. Umeona?" Akanipa na mimi. Nikaonja. Ilikuwa chungu, yenye harufu ya udongo na majani yaliyolala kwenye maji. Yaya hakupatwa na kitu, mimi sikupatwa na kitu. Tulikuwa tumetimiza desturi, na tulimwona mke wangu akinywa tukiwa na amani. Leo naelewa tulichokionyesha siku ile: kwamba maini mawili yasiyoguswa, ya watu wasiomeza vidonge vikali kila siku, yalikuwa yanaweza kuihimili ile dawa. Juu ya ini lake yeye hatukuonyesha chochote.

Alitapika asubuhi tatu. Baada ya hapo yaya aliacha dawa nyingine ya "kusafisha", nusu kikombe kila siku. Nami, mtu wa sekondari, nilijitungia utaratibu: vidonge saa moja, kibuyu saa nne, ili vidonge vipate muda wa kutulia tumboni. Niliuona huo kuwa uangalifu. Hata niliuandika kwenye ukuta wa jikoni kwa kalamu ya risasi.

Cha ajabu, wiki za kwanza alisema anajisikia mwepesi. Yaya alifurahi, akapiga vigelegele. Mwanangu alipopiga simu kutoka Bugarama, nilimwambia maman yako anaendelea vizuri, na nilikuwa naamini. Habari ya kibuyu sikumtajia. Nilijiambia kwamba hakuuliza.

Mwezi wa tisa tulirudi Kigali, sisi watatu. Daktari alimpokea mke wangu kwa utani.

"Leo hunitumi kuonja, Maman?"

"Leo nimechoka na kuonja, docteur," mke wangu alisema, akanitazama mimi.

Dawa ikachomwa, dakika ishirini zikapita, tukaitwa. Safari hii mke wangu aliingia pamoja nasi, akakaa. Mwanangu alibaki amesimama karibu na mlango. Sikuhitaji kuelezwa. Ini lilikuwa la kijivu, la kijivu kama picha iliyotolewa kwenye dawa kabla ya wakati wake. Mishipa ya damu ilikuwa bado inaonekana myeupe ndani yake, maana dawa ilikuwa imebaki kwenye damu, haikunywewa. Kile kijito cha nyongo sikukiona kabisa.

Daktari alizima simu yake. Alituzungumzia polepole, na ninayakumbuka maneno yake vizuri kuliko maneno ya kiapo changu cha ndoa.

"Ini limechoka, lakini halijafa. Tumewahi, na hiyo ndiyo faida ya kipimo hiki. Sasa kuna njia mbili. Kama mwili unalikataa ini, lazima nimpe dawa kali za kushusha kinga, haraka. Kama kuna kitu anakunywa kinacholiumiza, basi nikisimamishe, nimwangalie, na ini lenyewe linaweza kurudi. Njia hizi hazifanani. Nikimpa zile dawa kali bila sababu, ninamfungulia mlango kila ugonjwa. Kwa hiyo naomba mniambie. Kuna kitu chochote? Majani, mizizi, unga, chai ya mtu? Sitamgombeza mtu."

Kwa malezi ya mke wangu, swali likiulizwa mbele ya mume, mume ndiye hujibu. Aligeuza uso kwangu akasubiri.

Nilisikia mwanangu akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Nilifikiria nitakavyosema: kwamba lile ini alilolitoa kwa hiari yake, nimekuwa nikilimwagia kibuyu kila siku saa nne, na kwamba nilikuwa nimesoma karatasi. Nilifikiria yaya akitajwa mbele ya daktari kama mchawi wa kijijini. Nilifikiria jinsi nitakavyoonekana. Hayo ndiyo niliyoyafikiria. Afya ya mke wangu haikuwa katika orodha.

"Hakuna kitu, docteur," nilisema. "Vidonge tu."

"Maman?"

"Ni vile Papa amesema," mke wangu alijibu.

Walimtoa chembe ya ini kwa sindano wakaipima. Majibu hayakuwa wazi. Yangeweza kuwa hili, yangeweza kuwa lile. Daktari, akilitegemea neno langu, alichagua njia ya kwanza. Mke wangu alilazwa, akaanza kupewa zile dawa kali kwenye mshipa. Mitishamba ilikoma yenyewe kwa sababu hospitalini hakukuwa na kibuyu, na kwa siku chache damu yake ilipopimwa ilionyesha nafuu. Nilimshukuru Mungu. Nikasema moyoni, mambo yamekwisha bila mtu kuaibika.

Wiki ya tatu alianza kukohoa. Kinga yake ilikuwa imeshushwa chini kabisa, na ugonjwa ulioingia mapafuni haukukuta wa kuuzuia. Siku alipowekewa hewa ya mtungi, nilimfuata daktari kwenye ukumbi mrefu nje ya wodi na kumwambia yote: kibuyu, siku tatu za kutapika, nusu kikombe cha saa nne. Sikujua kwamba mwanangu alikuwa nyuma yangu na chupa ya uji.

Daktari alifumba macho kidogo. "Mzee," alisema, "lile swali nilikuuliza mapema makusudi." Kisha akarudi ndani kujaribu alichoweza.

Mwanangu aliweka chupa chini, polepole, kama mtu anayeogopa kuimwaga.

"Nilikuwa mlangoni, Papa. Siku ile. Nilikusikia."

"Niliona haya mbele yako, mwanangu."

"Mbele yangu?" Alijishika upande wa kovu. "Langu limeota tena. Ungeniambia umelichezea lile, ningekasirika wiki mbili. Wiki mbili tu, Papa."

Mke wangu alifariki siku nne baadaye. Tulimleta Kamembe, tukamzika jioni ileile. Mwanangu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mama yake. Alipopanda juu hakushika mkono nilioushusha kumvuta, alishika udongo.

Yaya bado yu hai, ana macho hafifu sasa. Anaamini hadi leo kwamba karuho ilikuwa imeenea na tulichelewa kuitapisha. Sijamwambia vingine, na simlaumu. Yeye alitoa alichokijua, kilekile kilichonitoa mimi msituni. Hakuwa amesoma karatasi. Hakuona picha nyeupe wala picha ya kijivu. Hakuulizwa swali na daktari. Hayo yote matatu yalinipata mimi. Nadhani ningemkatalia Jumapili ile, angenuna mwezi mmoja, kisha angekuja na sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, kama kawaida yake.

Studio niliifunga. Maandishi yangu ya kalamu ya risasi bado yako ukutani jikoni: saa moja, saa nne, saa moja. Nilijaribu kuyafuta na kitambaa chenye maji yakageuka doa la kijivu, nikaacha.

Mwanangu huja siku ya Idi. Ana mke sasa, hajamleta. Anakaa kwenye kiti kilekile chenye mto, ananiuliza habari za miguu yangu, nami namuuliza habari za kinu. Ninamwekea chai. Ninakunywa funda moja kwanza mbele yake, kisha namsogezea kikombe. Anasema ahsante, Papa. Kikombe kinapoa mezani, naye anaaga.

Ile "sawa" yangu ya Jumapili, na uongo nilioufunika nao, vilinigharimu mke wangu, ambaye alikuwa na muda wa kupona. Vilinigharimu kile kipande cha ini ambacho mwanangu alikikata mwilini mwake akicheka, nasi tukakizika. Na vilinigharimu mwanangu mwenyewe, aliye hai, mzima, safari ya saa moja tu kutoka hapa, ambaye hatakunywa tena kitu kinachotoka mkononi mwangu.